Shamba Ambalo Baba Mupaw Hakulitaja

Usiku ule Baba Mupaw hakurudi nyumbani. Alitoka alfajiri na panga lake na wali uliofungwa kwenye jani la mgomba, akaniambia anavuka kijito kwenda kuangalia pale tulipolima miaka saba nyuma. Sikumuuliza anaangalia nini. Nilimwona akinoa panga tangu jana yake, na mtu hanoi panga namna ile kwa ajili ya kuangalia.

Jua lilipozama nilimwekea chakula karibu na moto. Ulikuwa uji wa mchele na majani ya maboga. Ukaganda, nikauongeza maji, ukaganda tena. Binti yangu Mupaw, ambaye wakati ule alikuwa na mimba ya miezi saba, alikaa ameegemea nguzo akinitazama.

"Mama, kaa chini. Ukizunguka hivyo sakafu yote inatikisika, mimi na mtoto tunatikisika nayo."

"Nimekaa."

"Hujakaa."

Nikakaa. Nikasikiliza mbwa. Sisi tunaoishi milimani tunajua mbwa anavyobweka akimwona mgeni na anavyobweka akimwona mwenyeji, na usiku kucha hawakubweka kwa namna yoyote.

"Labda ameona nyuki," Mupaw akasema.

"Baba yako akiona nyuki hurudi kwanza kuchukua ndoo."

Jogoo wa pili aliwika kabla sijasikia hatua ngazini. Alikuwa Mama Kledi, jirani yetu, anapumua kama aliyekimbizwa. Kwao ndio wenye simu nzuri, na mumewe alikuwa amepanda hadi kwenye tangi la shule, mahali pekee kijijini petu panaposhika mtandao.

"Mama Mupaw, usipige kelele, binti ana mimba. Amekamatwa. Yuko kituo cha walinzi wa msitu huko bondeni."

"Amepigwa?"

"Hajapigwa. Wanasema wamempa hata kahawa."

"Kahawa? Baba Mupaw hanywi kahawa."

"Basi mwenzangu, hiyo ndiyo shida yako ya leo?" Akaketi karibu na moto, akaanza kula ule uji ulioganda, kwa sababu Mama Kledi akiwa na hofu hula chochote kilicho mbele yake.

Ngoja nieleze huyu mtu ni nani, maana kwenye karatasi zao ameandikwa mharibifu wa msitu.

Jina lake ni Tawae. Alizaliwa kijiji hiki hiki, mtoto wa tatu kati ya watano, na wa mwisho kuanza kuongea. Mpaka leo maneno yake ni machache. Kitu ambacho hawezi kabisa kukisema ni neno "changu". Ukimuuliza nyati tunayemfuga ni wa nani, atakwambia, "Hulala chini ya nyumba ile pale." Siku alipokuja kunichumbia alimwambia baba yangu kwamba kuna nyumba mpya imejengwa kule juu na moto wake hauna mtu wa kuuchochea. Baba akamwuliza, "Nyumba ya nani?" Akajibu, "Inavuja kidogo upande wa mashariki." Dada zangu walicheka mpaka wakamwaga pombe ya mchele. Mimi nilimtazama mikono. Ilikuwa mikono ya mtu anayefanya kazi, nikakubali.

Shambani ndipo utamjua. Sisi tunalima mlimani kwa kuhama. Mwaka huu hapa, mwaka ujao pale, mpaka mashamba saba yaishe, halafu tunarudi kwenye lile la kwanza, ambalo kwa wakati huo limeota miti kuzidi urefu wa nyumba. Baba Mupaw akifyeka, mti mkubwa haukati chini. Anaukata usawa wa kiuno, na mwingine anaupunguza matawi tu, kwa sababu mti ukiachiwa kisiki kirefu haufi, unachipua mvua ya kwanza. Kabla ya kufyeka hukata kipande kidogo tu, upana wa mkeka, halafu hurudi nyumbani kulala. Akiota vibaya, au paa akilia, analiacha shamba lile mwaka huo. Nimeshakasirika mara ngapi! Mwaka mmoja alipoteza siku tisa akitafuta pa kulima, kisa aliota maji meusi.

Tukishavuna, shamba tunalirudisha. Mavuno yakiingia ghalani, mume hupeleka kuku na pombe kidogo, anamwambia Mwenye Maji na Ardhi: tumemaliza, chukua. Kuanzia siku hiyo shamba limelala, na shamba lililolala mwenyewe si mtu. Kila nyumba inajua lipi lililimwa na nani na nani atalirudia, hatugombani. Lakini hulisemi. Huweki alama, hupigi kigingi, huelekezi kidole ukasema hili letu. Ukilidai shamba lililolala, linadai na lenyewe, na huanza na aliye mdogo kuliko wote ndani ya nyumba.

Baba mkwe wangu aliwahi kulidai. Aligombana na jirani juu ya mpaka, akapiga mguu chini akasema, "Hili ni langu!" Masika yale yale watoto wawili wakafa kwa homa, mmoja alikuwa bado ananyonya. Tawae alikuwa na miaka sita. Ndiye aliyembeba yule mdogo mgongoni siku ya mwisho, mama yao akiwa anamhudumia yule mwingine. Hayo hakuniambia yeye. Niliambiwa na mama mkwe, mara moja tu.

Miaka mitatu iliyopita walikuja watu wa mradi. Nchi tisa, walisema, zimekubaliana kutunza misitu pamoja kwa sababu moshi na mafuriko hayajui mpaka wa nchi. Walikuja na magari matatu, na maafisa wetu wa wilaya, na mama mmoja wa Kizungu mrefu aliyevua viatu kabla ya kuambiwa. Mkalimani wao alikuwa binti wa kabila letu, Noeri, mpole, ana adabu, alituita wote shangazi na mjomba. Ila Noeri anatoka vijiji vya chini, ambako wameacha mila hizi tangu babu zao walipobatizwa. Hilo sikuliwaza siku ile.

Walileta makaratasi magumu, wakayakata na kuyapanga moja juu ya jingine, gundi, tena jingine, mpaka milima yetu yote ikatokea juu ya meza ya shule. Mito ikapakwa rangi ya bluu. Watoto walipiga kelele kuona nyumba zao. Halafu wakatupa pini zenye vichwa vya rangi. Njano ni nyumba. Nyekundu ni shamba. Palipobaki bila pini, wakasema, patapakwa kijani, ni msitu.

Baba Mupaw hakuwepo. Nyati alikuwa amepotea, akaenda kumtafuta. Kwa hiyo pini ya nyumba yetu niliishika mimi.

Nakumbuka kila kitu. Ilikuwa saa ya mchana, jua linaingia kupitia dirisha la darasa la pili. Nilitazama kale kamlima ka karatasi, nikayaona mashamba yetu yote saba kama nayaona kwa macho. Nilijua kila moja. Na nikachoma pini moja tu, kwenye shamba la mwaka ule, kwa sababu mengine sita yalikuwa yamelala. Nilisogea nikampisha Mama Kledi. Naye akachoma moja. Nyumba ishirini na mbili, pini nyekundu ishirini na mbili.

Yule mama wa Kizungu alishangaa. Akasema kitu, Noeri akatuuliza, "Shangazi zangu, anauliza, mashamba ni haya tu? Nyumba moja shamba moja?"

Tulitazamana. Mama Kledi akanifinya paja chini ya meza. Mmoja akacheka kwa aibu, wote tukacheka. Nani angeanza kutaja? Mimi nilikuwa na Mupaw ambaye ndoa yake ilikuwa wiki iliyofuata. Nikasema, "Ndiyo mwanangu, ni hayo."

Wakapiga makofi. Walisema hawajaona kijiji kinachotumia ardhi kidogo hivyo, wakatupa tangi la maji la shule, na kibao. Vijana wao wakachukua brashi, wakapaka kijani kila mahali. Nilisimama pale nikiangalia brashi ikipita juu ya mashamba yangu sita, na ninaapa niliona ni rangi nzuri.

Barua ilikuja baada ya mavuno. Kulima ni penye nyekundu tu. Mwaka wa kwanza tukarudia shamba lile lile, mpunga ukatoka nusu. Mwaka wa pili magugu yalitushinda, mikono ya Mupaw ikapasuka kwa kupalilia, na mimba ilikuwa imeanza. Mwezi wa pili mwaka huu Baba Mupaw alilifungua ghala, akatazama ndani muda mrefu, akalifunga. Jioni akaanza kunoa panga. Hayo ndiyo makosa yake.

Siku ya pili baada ya kukamatwa niliteremka kituoni. Mlinzi alikuwa kijana wa watu, hana ubaya, aliniruhusu nikae na Baba Mupaw kwenye benchi la nje. Alikuwa amevuliwa mkanda, suruali ameishikilia kwa mkono.

"Wamekulisha?"

"Wamenilisha. Wali wao laini mno. Unashuka wenyewe, hata meno hayajapata habari."

"Wamekupiga picha?"

"Mimi hapana. Wamepiga visiki. Arobaini na kimoja." Akatikisa kichwa. "Nimewaambia vile havijafa. Waje wakati wa mvua waone. Wakaandika hiyo pia."

Noeri alikuwa amenieleza kila kitu asubuhi ile, nami nilikirudia kichwani njia nzima nisikisahau. Kikao cha mradi ni Alhamisi, wilayani, na wajumbe wa zile nchi watakuwepo. Kesi za ndani ya eneo la mradi hupitia pale kabla hazijaenda mahakamani. Na kuna kanuni moja nzuri waliyoiandika wenyewe: mtu akisema kwa kinywa chake kwamba ardhi ilikuwa shamba lake kabla ya ramani, basi ramani inasimamishwa, wanakuja kupima upya, na yeye anarudi nyumbani. Nilimwuliza Noeri, "Nikisema mimi je? Pini niliichoma mimi." Akanishika mkono. "Shangazi, kaya imeandikwa kwa jina la mjomba. Lazima aseme yeye."

Nikamweleza Baba Mupaw yote hayo. Alisikiliza akitazama kidole gumba cha mguu wake.

"Watakuuliza shamba ni la nani," nikasema. "Neno moja tu. Useme ni lako."

"Limelala, Mama Mupaw."

"Najua limelala! Nilikuwepo ulipolipelekea kuku. Mwaka huu si ungeliamsha?"

"Nilikuwa nakata upana wa mkeka. Hawakuniacha nikaote."

"Visiki arobaini na kimoja ni mkeka gani huo?"

Akatabasamu kwa aibu, kama siku ile mbele ya baba yangu. Kumbe safari hii alikuwa ameshalala, ameshaota, ameanza. Hakuniambia tu. "Niliota vizuri," akasema. "Lakini kuku wa kulifungulia shamba nilikuwa sijampeleka. Bado si letu."

"Baba Mupaw. Watakufunga."

Lori la mahindi lilipita, vumbi likatufunika, tukangoja litulie. Halafu akauliza, "Mupaw anakula?"

Nikajua amenijibu. Jambo baya zaidi ni kwamba sikuweza kumkasirikia vizuri. Mimi mwenyewe, wakati ule ule nikimsihi aseme, nilikuwa nahesabu miezi. Saba. Miwili bado.

Mupaw hakuwa na mashaka. Jumatano usiku alinifokea akipanga nguo. "Homa ni ya mbu, mama! Siku hizi kuna zahanati, kuna dawa, kuna chandarua. Baba aseme tu. Mtoto wangu atazaliwa babu yake yuko gerezani kwa ajili ya kuogopa maneno?" Alivyomaliza aliushika ule uzi mweupe wa kinga tuliomfunga mkononi mimba ilipojulikana, akaukaza fundo. Sidhani alijua kwamba ameukaza.

Alhamisi tulishuka wote wawili kwenye gari la mboga. Nilimkataza, hakusikia. Jengo la wilaya lina ukumbi mrefu wenye benchi moja na maua ya plastiki, na mwisho wake mlango wa mbao uliopakwa vanishi. Baba Mupaw alipita mbele yetu na mlinzi. Walimrudishia mkanda. Noeri alikuwa nyuma yao, akainama kidogo akaninong'oneza, "Shangazi, nitamuuliza polepole. Nitamuuliza hata mara tatu." Mlango ukafungwa.

Kupitia mbao ile nilisikia sauti kwa zamu. Kwanza Kizungu, sauti ya mwanamke, nadhani ni yule mrefu. Halafu Kithai, lugha ya serikali yetu, sauti nzito ya mwenyekiti. Halafu ya Noeri kwa lugha yetu, na hiyo niliisikia kila neno.

"Mjomba, wanakusalimu. Wanasema hawataki kukuonea."

Sauti ya mume wangu ni ndogo. Haikunifikia.

"Mjomba, wanauliza, pale walipokukuta unakata, pamekuwa shamba zamani?"

Kisha Noeri kwa Kithai: ndiyo, anasema palilimwa. Mupaw akanibana mkono kwa kucha.

"Sasa mjomba, wanauliza, shamba lile ni la nani?"

Nilisikia feni. Nilisikia mtu akiweka kikombe kwenye kisahani.

"Mjomba. Ni la nani? Sema tu la nani."

"Sema, baba," Mupaw akanong'ona, midomo karibu na mbao. "Sema."

"Mjomba, mama huyu anasema ukitaka muda wapo tayari kusubiri. Wanataka kujua tu. Ni lako?"

Wakasubiri kweli, siwezi kuwasingizia. Muda mrefu, mpaka mtu akakohoa. Halafu Noeri akazungumza Kithai, taratibu. Kithai changu ni cha sokoni, lakini "si lake" nakijua. "Si la mtu," akaongeza, na mwenyekiti akasema sawa, sawa, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Mlango ulifunguka nusu, akatoka karani mwenye miwani na faili.

"Wewe ndiye mke? Una blanketi lake? Mjini wakati huu kuna baridi, na gari linaondoka mchana huu."

"Gari la kwenda wapi, mwanangu?"

"Mahakamani, mama. Amekiri mwenyewe ardhi si yake. Ni msitu wa serikali." Hakulisema kwa ukali. Alinitazama miguu, nilikuwa sina viatu, nikaona amesikitika. "Blanketi peleka kule nyuma, watampitishia huko. Hapa kikao kinaendelea na ajenda nyingine."

Akaingia. Kitasa kikalia.

Nilikuwa na blanketi, ndiyo. Nilikuwa nimelileta na sikutaka mtu aone kwamba nimelileta. Nililiweka juu ya benchi. Nikaenda mpaka kwenye mlango, nikaweka kiganja juu yake, nikasema, "Ni letu."

Sauti yangu ilitoka kavu. Ndani waliendelea. Nikasema tena, kwa Kithai changu cha sokoni, "Shamba lile ni letu. Mimi ndiye niliyechoma pini. Yapo saba. Yote yetu." Nikayataja. La kwenye mwamba wa nyoka, la juu ya chemchemi, la mianzi miwili, yote, moja baada ya jingine, kwa majina ambayo sijawahi kuyatamka pamoja tangu niolewe.

Mtu wa ndani alisema jambo, wenzake wakacheka kidogo, kicheko cha heshima cha mikutanoni. Walikuwa wamehamia kwenye habari nyingine. Nikagonga kwa ngumi. Mlinzi wa ukumbi akaja akasema, "Mama, tafadhali," akanishika bega kwa upole, nikagonga tena.

Nilipogeuka, Mupaw alikuwa amesimama ukutani. Alikuwa ameweka mikono yote miwili juu ya tumbo, vidole vimetandazwa, kama mtu anayeziba masikio ya mtoto.

"Nimemsikia mtu akiinuka, mama," akasema. "Wanakuja kufungua."

Tukangoja. Viti vilisogea, kisha vikatulia. Sauti ya mwenyekiti ikaanza tena kusoma, na mlango haukufunguliwa.